Baba Ametangulia, Wasifu Wake Tuuandikeje? Anti Anajibu Barua Zenu

Habari zenu wasomaji wangu. Toleo lililopita niligusia kidogo mambo ya misiba, basi barua na meseji zimemiminika kweli na karibu zote zinamhusu baba. Baba aliyefanya kazi, aliyesali, aliyelea wake na wa wenzake, sasa ametangulia na watoto wamekaa na daftari hawajui waanzie wapi. Nimechagua chache, majina nimeyatoa. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu sababu ndani yake kuna maswali ya wengi wenu.

Shikamoo Anti. Mimi ni mtoto wa pili kati ya saba, kwetu Kilosa ila naishi Morogoro mjini. Baba alifariki mwaka jana na mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Siku ya mazishi wasifu aliuandika binamu yetu usiku wa manane maana sisi tulikuwa hoi, uliposomwa ikawa ni alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alistaafu, aliugua, basi umeisha. Mama alilia akasema huyo mliyemsoma mimi simjui. Sasa nimepewa kazi ya kuandika upya tuchape kijitabu. Baba alikuwa mtu wa reli, aliingia 1972 kibarua kwenye genge la njia akamalizia nyapara wa genge mwaka 2006, maisha yake yote ni Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe. Pia alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi. Hakuwa msemaji kabisa. Picha zake zipo nne tu. Ndugu wanataka niandike mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu. Ni kweli yote Anti, lakini kila marehemu anaandikwa hivyohivyo. Nifanyeje? — Mtoto wa Genge, Morogoro

Marahaba mwanangu, poleni sana, na mpe mama pole yangu ya pekee. Mama ameshakupa jibu nusu tayari, amesema humo kwenye karatasi mumewe hayumo. Sasa kazi yako ni kumrudisha, na sifa haziwezi kumrudisha, vinavyomrudisha ni vitendo. Yani kila neno la sifa ambalo ndugu wanataka liwemo wewe waulize tu, lini uliona? Mpenda watu, sawa, nani alipendwa, siku gani, alifanyiwa nini? Wakikujibu, hilo jibu ndo uandike, lile neno la sifa hata ukiliacha nje msomaji atalipata mwenyewe.

Nikupe mfano mkubwa ili ujue sikwambii vitu vya kutunga. Mwalimu Nyerere, Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri mwaka 2005, ndo maana wanamwita Mtumishi wa Mungu. Mtu yule nchi nzima inamjua, amesifiwa kwa kila namna, lakini kwenye mchakato ule sifa za jumla hazitoshi, wanatafutwa mashahidi, watu waliomwona kwa macho yao, na maandishi yake yanakusanywa na kusomwa. Unaulizwa uliona nini, ulisikia nini, ulikuwa wapi. Alibatizwa Desemba 1943 akiwa mtu mzima wa miaka 21, akaacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 bila kujua kesho familia itakula nini maana alikuwa ameshaoa, na alipotoka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Ukimsimulia mtu hayo matatu tu hana haja ya kuambiwa kwamba huyu alikuwa na imani na hakuwa na tamaa. Sasa kama kwa mtu mkubwa vile linatakiwa tendo na shahidi, baba yako wa genge la Godegode naye anastahili kuandikwa hivyohivyo, kwa heshima ileile.

Haya tuanze na mama. Usimkalishe na karatasi ya maswali kama polisi. Kaa naye akiwa anachambua mchele au mko jikoni, umuulize siku ya kawaida tu ya baba. Aliamka saa ngapi? Alikunywa chai au uji au aliondoka hivihivi? Alisali kabla ya kutoka au njiani? Akirudi alianza na nini, maji ya kuoga, watoto, au alikaa nje kwanza? Mshahara ukitoka alimkabidhi nani? Watu wasiosema sana wameweka mapenzi yao humo kwenye mazoea, na mama ndo mwenye ufunguo. Rekodi kwa simu, mwombe ruhusa kwanza, halafu usimkatize hata akirudia jambo mara tatu, akirudia ujue hapo ndo penyewe.

Kuhusu kazi, hapa nakuomba usipite haraka. Wajukuu zake wameona treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, wanadhani reli ni ile iliyo juu ya nguzo na vioo vya stesheni. Hawajui genge ni nini. Waandikie. Waambie ile reli ya kati walianza kuijenga Wajerumani mwaka 1905 kutokea Dar es Salaam, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, na tangu hapo hadi leo kuna watu wanaoitembelea kwa miguu, wakiangalia taruma moja moja, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, wakikaza, wakishindilia kokoto chini ya mataruma ili njia isilale upande, wakifyeka majani, wakizibua makalavati kabla mvua haijaja. Abiria aliyelala kwenye behewa usiku anaelekea Kigoma hakuwajua hawa watu na wala hakuwaona. Baba yako alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Hiyo ni huduma, na kwa maoni yangu ni huduma sawa kabisa na ile ya kigangoni.

Na kipande chake kilikuwa kigumu kupita vyote, hili lisikupite. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na Mkondoa ukijaa haujui reli wala tuta. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu njia sana sehemu hizo, na baba yako alikuwa kazini. Mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010 yakaja mafuriko makubwa ya Kilosa, reli ikakatika vibaya na treni zikasimama kwa muda mrefu, hapo alikuwa ameshastaafu lakini alikuwa anaishi hapohapo, sasa muulize mama, alikaa ndani au alitoka kwenda kuangalia? Mimi sijui, ila mtu aliyetembea njia ile miaka yote ile ni vigumu kunishawishi kwamba alikaa ndani.

Kuna jingine nalitaja kwa uangalifu. Juni 24, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima eneo la Igandu ikaenda kugongana na treni ya mizigo, wakafa watu zaidi ya 280, ni msiba mkubwa kuliko yote ya reli nchi hii. Igandu na Gulwe si mbali. Sisemi baba alikuwepo. Nakwambia ulizia kwa wenzake kama magenge ya sehemu zile waliitwa, sababu umesema hakuwa msemaji, na wako wazee wa reli ambao ukimya wao una tarehe. Ukikuta alikuwepo, andika kwa sentensi moja au mbili tu, usipambe.

Wenzake ndo watu wa kuwahi sasa hivi, kabla ya misa. Mtu aliyeanza kazi 1972 ana wenzake wenye miaka sabini na kitu, wengine themanini. Nenda Gulwe, nenda Kidete, panda bodaboda kama hakuna gari, uliza nani alikuwa genge moja na mzee. Beba zile picha nne. Mzee akishika picha anakumbuka na waliosimama pembeni, anakumbuka kiberenge walichopanda, anakumbuka na jina la utani ambalo nyumbani hamkuwahi kulisikia. Wakikwambia mlichokuwa hamkijui kuhusu baba, kwa mfano kwamba alimsomeshea mtoto mwenzake aliyefariki, usishangae, wanaume wa namna yake wengi hawatangazi.

Makaratasi pia. Tafuta barua ya ajira, kitambulisho cha kazi, kitabu cha zamani cha akiba ya wafanyakazi kama kipo, cheti cha kustaafu. Angalia nembo juu ya karatasi. Mwaka 1972 reli ilikuwa ni ya Jumuiya, Shirika la Reli la Afrika Mashariki, Kenya Uganda na Tanzania pamoja, halafu Jumuiya ikavunjika 1977 na ndo ikazaliwa TRC yetu, Shirika la Reli Tanzania. Ina maana baba alilala mfanyakazi wa nchi tatu akaamka mfanyakazi wa nchi moja, na kijijini watu waliendelea kusubiri treni ileile. Mambo hayo matatu manne ya nchi yakiingia kwenye wasifu yanamsaidia msomaji kujua mzee aliishi nyakati gani, alikuwa kijana wa genge wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa na watoto wadogo wakati wa foleni za sukari na sabuni miaka ile ya themanini mwanzoni, muulize mama sabuni ilipatikanaje. Ila usiweke historia ya Tanzania nzima jamani, weka ile iliyogusa nyumba yenu.

Kama hamna uhakika na mwaka wa kuzaliwa msibuni. Nenda parokiani uombe kuangalia vitabu, kitabu cha ubatizo kina tarehe, kina majina ya wazazi na msimamizi wa ubatizo, na cha ndoa kina mashahidi. Msimamizi wake ni nani? Pengine ni ukoo ambao hamsalimiani nao siku hizi.

Imani yake nayo iandike kwa njia ileile. Katekista wa kigango ndiye anayebaki na waumini padre akishaondoka. Padre anakuja mara moja kwa mwezi au kwa miezi, barabara zikikatika haji kabisa, sasa Jumapili zote zile nani aliongoza ibada? Nani aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na kipaimara, nani alikwenda kusali na wagonjwa, nani alizika pale padre aliposhindwa kufika? Nenda kigangoni siku ya Jumapili, baada ya ibada omba nafasi ya kutangaza, sema waliofundishwa na baba wasimame. Wahesabu, waandike majina. Hiyo orodha ichapeni ukurasa mzima kwenye kijitabu, ni nzuri kuliko shairi lolote mtakalotungiwa. Na muulize mama kitu kimoja, huyu mtu aliyekuwa anatembea na reli wiki nzima, Jumamosi jioni alikuwa anaandaa mafundisho saa ngapi na kwa taa gani?

Mwisho urefu. Usomwe kanisani uwe wa dakika sita au saba, asome mtu mmoja mwenye sauti na asiyelia haraka, afanye mazoezi kwa sauti nyumbani mbele ya mama. Mama akikubali kwamba huyu namjua, umemaliza. Mengine yote, majina, picha, maneno ya wenzake, yaende kwenye kijitabu. Muone paroko mapema mkubaliane usomwe wakati gani, maparokia hayafanani, kwingine wanaruhusu kabla ya baraka ya mwisho, kwingine wanataka msome nyumbani baada ya misa wakati wa chakula. Na kutoa nia ya misa msisubiri wiki yenyewe, katekista wenu wa sasa atawaelekeza.

Asalaam aleikum Anti. Sisi ni wa Korogwe. Baba alifanya kazi shamba la mkonge tangu ujana wake, aliletwa kutoka Kigoma na Silabu miaka ya sitini mwanzoni akaoa hukuhuku akabaki. Jioni akitoka kazini alikuwa anafundisha watoto kusoma Qurani barazani, hakuwa analipwa, akipewa sukari anashukuru. Amefariki Mungu amrehemu. Sasa ndugu tumegawanyika, kaka mkubwa anataka hitima kubwa ya arobaini, mdogo wangu aliyesoma anasema ni bidaa tusifanye. Hawaongei. Mimi niko katikati. Tumkumbuke vipi baba bila kugombana? — Mwana wa Mwalimu, Korogwe

Waaleikum salaam mwanangu, Mwenyezi Mungu amsamehe mzee na amlaze pema. Suala la hitima ni la masheikh, mimi sitalitolea hukumu hapa gazetini, nendeni wote wawili kwa sheikh mmoja mnayemheshimu na mkubali kumsikiliza kabla hamjafika. Nachoweza kusema ni kwamba kaka yako na mdogo wako wote wanaijua hadithi ile ya Mtume, kwamba mwanadamu akifa amali zake zinakatika isipokuwa mambo matatu, sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hapo hakuna anayebishana. Na mwanangu, baba yako mawili kati ya hayo matatu alijiandalia mwenyewe bila kusema, elimu aliitoa barazani, watoto wema ni nyie, imebaki sadaka.

Basi anzieni hapo. Ile baraza bado ipo? Watoto wanasomea wapi sasa? Kama bati linavuja ezekeni, kama hakuna maji ya udhu wekeni tangi, misahafu na juzuu zikiwa zimechakaa nunueni, kwa pesa ileile ambayo mngegombania sufuria za pilau. Kaka mkubwa awe msimamizi wa ujenzi na mdogo awe wa masomo, kila mmoja ana mkono wake, na hilo linaweza kuanza leo wakati ile ishu nyingine inamsubiri sheikh.

Halafu kuna jambo umelitaja kwa haraka kama si kitu, kwamba aliletwa na Silabu. Vijana wengi wa Tanga hawaijui tena. Mkonge wenyewe ulikuja 1893 na Mjerumani Hindorf, miche elfu moja aliyoagiza ikabaki hai 62, na kutokana na hiyo michache yakatoka mashamba yote yale mnayoyaona kuanzia Korogwe na Muheza mpaka Kilosa na Morogoro. Kufika miaka ya sitini mwanzoni Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kazi ile ngumu ya kukata majani yenye miba ilitaka watu, ndo wenye mashamba wakaunda Silabu mwaka 1944 kuwatafuta vijana Kigoma, Songea, na nje ya mipaka, kuwaleta kwa mkataba. Wengi walikuja wakifikiri wanakaa mwaka mmoja miwili. Baba yako akabaki, akaona mashamba yanataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, akaona kamba za nailoni zikiua bei ya katani na kambi zikibaki tupu, na jioni bado alikuwa anafundisha alifu na be.

Sasa swali langu kwako, kwao Kigoma ni wapi hasa? Kijiji gani? Nani alibaki kule? Watoto wengi wa wafanyakazi wa mkonge wanajua tu kwamba baba ni Muha, basi. Kama yuko mzee yeyote aliyekuja naye, au rafiki yake wa kambini, mkamuulize mwezi huu huu. Pengine mna shangazi Kasulu au Kibondo hajui kama kaka yake amefariki. Kumtafuta ni kuunga udugu, na hilo kaka mkubwa na mdogo wote wataliunga mkono, naamini kabisa.

Habari ya huko Anti. Mimi ni mtu wa Mombasa lakini nafanya kazi Doha. Babangu alikuwa mfanyakazi wa bandari Kilindini hadi akastaafu, na mzee wa kanisa mtaani kwetu Changamwe. Alipofariki sikupata ruhusa kazini kwa wakati, maziko niliyaona kwa simu. Watu wanasema nimeshapoa ila bado. Nina sauti zake kama mia hivi za WhatsApp, nikizisikiliza nashindwa kuendelea. Nizifanyie nini? Na mimi niliye mbali naweza kushiriki vipi kumkumbuka? — Binti wa Kilindini

Pole sana mwanangu. Anayekwambia umeshapoa hajazika kwa simu. Mazishi yana kazi yake, kushika udongo, kukaa na watu, kupika, kuulizwa alifarikije mara ishirini, wewe hivyo vyote hukupata, kwa hiyo usijilazimishe kufuata kalenda ya walioko nyumbani. Ukipata likizo nenda kaburini, omba wazee wa kanisa waje wasali na wewe siku hiyo, hata wawe wanne, hata kama wengine wote walishafanya zamani. Si kurudia msiba, ni wewe kuzika.

Zile sauti, jambo la kwanza leo hii kabla hujalala, zitoe kwenye simu. Simu inaibiwa, inaanguka, ukibadilisha namba vitu vinapotea. Zihifadhi sehemu mbili tofauti na nyingine mtumie ndugu mmoja mwaminifu. Huna haja ya kuzisikiliza ili kuzihifadhi. Baadaye, ukiwa na nguvu, zisikilize chache chache ukiwa na mtu, na uandike tarehe na alichosema. Utaona nyingi ni vitu vidogo, umekula, huko joto ni kiasi gani, usisahau kusali, mamako anakusalimu. Hivyo vidogo ndo babako. Aliye mbali kama wewe ana kitu ambacho ndugu zako walioishi naye hawana, wao walizungumza naye mezani na maneno yakapotea, wewe unayo. Kwa hiyo katika kumkumbuka familia nzima wewe ndiye mtunza sauti, waambie hivyo wasikuone kama mtu wa kutuma pesa tu.

Na umuulize mamako au rafiki zake kuhusu bandari. Kama alianza zamani, alikuta mizigo inabebwa kwa mgongo, magunia ya kahawa na chai, kabla ya makontena kujaa. Bandari ile nayo ilikuwa ya Jumuiya kama reli ya yule dada wa Kilosa hapo juu, ndo ikaja kuwa ya Kenya peke yake baada ya 1977. Zamu za usiku alifanya? Na akitoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi alikwenda kulala au alikwenda kanisani?

Anti shikamoo, kwa kifupi tu. Baba yetu alikuwa na mtoto aliyempata kabla hajamuoa mama, kaka yetu mkubwa. Baba alimlea, alimsomesha, kila mtu anamjua. Sasa kwenye kuandika wasifu wajomba wanasema marehemu ameacha mjane na watoto watano, wakati tuko sita. Wanasema ni kulinda heshima ya mama. Kaka hajasema kitu ila hajaja kwenye vikao viwili. — Wa Tatu, Iringa

Marahaba. Andikeni sita. Na jina lake liwe la kwanza maana ndiye wa kwanza. Baba yenu hakumficha alipokuwa hai, alimlea mbele ya watu, sasa nyie mnamfichaje kwa niaba yake? Huo ulezi ni sehemu ya sifa zake kubwa kabisa, kuna wanaume wangapi wanakimbia. Mkimtoa huyo mtoto mmemtoa na baba mwenyewe.

Mama muulizeni ninyi watoto, si wajomba. Nina hakika mwanamke aliyeishi na mtoto huyo nyumbani kwake miaka yote akamfulia na kumpikia hataki kulindwa kwa njia hiyo. Halafu mtu mzima mmoja, ikiwezekana wewe, aende kwa kaka nyumbani kwake, asitumwe meseji. Mambo ya mali msiyaingize hapo, hayo yana kikao chake cha familia na mahakama itakayomthibitisha msimamizi wa mirathi, wasifu hauongezi wala haupunguzi haki ya mtu.

Anti naomba ushauri, kamati ya kumbukumbu ya baba imepanga t-sheti zenye picha yake, kofia, keki na MC. Bajeti imekwenda juu na bado kaburi halijajengewa. Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa kawaida sana, kila mwaka alikuwa anatengeneza madawati ya shule ya kata bure. Nawaambiaje? — Kitinda Mimba, Mbeya

Mwanangu nenda kwenye kikao ukiwa na bei ya mbao mkononi. Waulize fundi wa kawaida dawati moja anatoza kiasi gani, halafu gawanya bajeti ya t-sheti kwa bei hiyo, uwaonyeshe idadi. Usiwagombeze, wanapenda baba kama wewe. Kaburi lijengwe kwanza kwa kiasi, picha moja nzuri ichapwe kubwa iwekwe mezani, na mafundi wenzake waalikwe watengeneze hayo madawati karakanani kwake kama vifaa vyake bado vipo, kwa randa yake na msumeno wake. Mkuu wa shule mumtaarifu mapema ili atenge siku ya kuyapokea, na mama awepo.